Shamba Lililovuka Mto

Bibi Casimira hakuwahi kuhama.
Hilo aliliapia mpaka pumzi ya mwisho:
alilala Meksiko usiku wa mafuriko,
akaamka Teksasi, kitanda kile kile,
jogoo yule yule akiwika juu ya ua,
na mto uliokuwa ukipita mbele ya mlango
sasa unapita nyuma ya zizi.

Maji hufuata mkondo, ndivyo tulivyofunzwa.
Huku kwetu maji huuchoka mkondo.
Hukata kona, hujipinda, hujivua
kama nyoka anavyolivua gamba,
na gamba lililoachwa tunaliita resaka:
ziwa jembamba, lililokunjika kama mundu,
makazi ya bata na matairi ya zamani.

Ilizichukua serikali mbili miaka tisa kukubaliana na tope.
Wakaja wapimaji, mmoja wa kila upande,
kofia mbalimbali, jasho moja,
wakasimika nguzo ya zege kwenye tuta la vitunguu.
"Mama, wewe sasa ni wa huku."
Bibi akafuta mikono kwenye aproni:
"Na madeni yangu ya kule?"

Mimi niko ofisi ya maji, idara ya mifereji.
Ukutani kuna ramani, na katikati ya mto
mstari mwekundu, mwembamba kama uzi wa kutarizi.
Sijawahi kuuona nikiwa ndani ya buti zangu.
Ninachokiona ni hiki:
huko juu, magharibi, changarawe na mpungate,
mbuzi wa akina Garza-Leal wakitafuna miiba,
watu wa maneno machache, kana kwamba nayo huchotwa kisimani.
Ukishuka, udongo unakuwa mweusi, unanata,
miwa, kisha balungi, kisha miwa,
harufu ya sukari iliyoungua mwezi mzima wa Januari.
Halafu chumvi. Halafu Ghuba.
Mto hufika pale umechoka,
umenywewa na mashamba ya nchi mbili,
na kiangazi kimoja haukufika kabisa:
mchanga ulifunga mlango,
nikavuka kwenda ng'ambo na kurudi
nimeshika viatu mkononi, bure, havikuhitaji kuvuliwa.

Wa kaskazini huuita Mkubwa.
Wa kusini huuita Mkali.
Nimeupima mimi. Siku nyingi unanifika magotini.

Kwa Obdulia, anayeuza mkate mtamu kwenye njia panda,
sentensi huanza kwa Kihispania,
ikifika kwenye koma hugeuka Kiingereza,
na pale kwenye koma hakuna askari,
hakuna anayeiuliza pasipoti.
"Ngapi?" "Sita." "Na shangazi yako, mguu wake?"
Bei ni ya dola, chenji ni ya peso,
salamu ni ya wote.

Kisha wakaja wengine, hawa bila darubini za kupimia.
Wakajenga ukuta wa vyuma,
si mtoni, kwa sababu mto hutambaa na chuma hakijui kutambaa,
bali kilomita nzima ndani.
Shamba la Bibi likabaki kati,
si nje, si ndani, kama neno lililosahaulika ulimini.
Tulipewa lango na namba za siri.
Mjomba Anselmo huzisahau.
Hupiga honi, husubiri, hulaani kwa lugha zote mbili,
vitunguu vikinyauka mbele ya macho yake.

Jana niliingia peke yangu kukagua mfereji.
Nyumba haina paa. Nguzo ya zege bado ipo,
herufi zimelika upande mmoja,
na katikati yake imezungukwa na alama,
mfuo laini, wa kina cha kidole.
Nilidhani ni kipimo fulani cha serikali.
Nikapitisha kidole, nikakumbuka:
ni hapa alipofunga kamba ya kuanikia nguo.
Miaka arobaini ya mashuka mabichi
ilikuwa imeila zege
kidogo kidogo.